Moto Kutoka Ndala

Kwetu mafiga yalizimwa Alhamisi Kuu jioni,
mama akilifukia kaa la mwisho kwa majivu
kama anayemfunika mtoto aliyelala.
Ijumaa tulikula matobolwa na maji ya mtungi.
Jumamosi, matobolwa tena.
Sizya, miaka minne, akamuuliza baba
kama Yesu naye huko kaburini anakula matobolwa.
Baba akasema huko, nadhani, hata hayo hakuna.

Mishumaa ilikuwa ya mikono yetu:
nta ya mizinga ya baba, ile ya miombo ng'ambo ya mbuga,
iliyoyeyushwa Jumatano kwenye sufuria isiyo na mkono,
ikamiminwa ndani ya mabua ya mpapai,
na utambi ni uzi wa pamba
aliousokota shangazi Kalunde pajani.
Ukipasua bua, mshumaa umepinda,
wa kahawia, na mguu wa nyuki umeganda ndani.
Mishumaa ya dukani ilisimama wima kama askari.
Yetu ilinukia msitu.

Usiku, nje ya kanisa, moto mpya.
Mshumaa mkubwa ukaingia gizani peke yake,
na mwali ukagawanywa, ncha kwa ncha, benchi kwa benchi,
usipungue. Hilo hadi leo linanishangaza.
Kisha Utukufu, na kengele zilizofunga kinywa siku mbili
zikapigwa kana kwamba mpigaji amelipwa deni.

Ndipo kazi ya baba ilipoanza.
Maili tatu hadi nyumbani, tope la masika,
na upepo wa mbugani usiojua sikukuu.
Mwali ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari,
koti lake likiwa ukuta,
sisi tukisukuma baiskeli, Sizya amelala juu ya kapu.
Na kila mwaka, penye kile kichuguu kikubwa,
baba alisema: "Tangulieni. Nafunga kamba ya kiatu."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
nilipokumbuka kwamba baba huvaa katambuga,
na katambuga hazina kamba.
Nikarudi.
Alikuwa amechutama, koti kichwani kama hema,
na humo ndani nikasikia mkwaruzo, mara moja, mara mbili,
nikanusa kiberiti.
Akanitazama. Nikamtazama.
"Upepo nao ni kiumbe cha Mungu, Leokadia," akasema.
Hatukuzungumza tena hadi mlangoni.

Mama, aliyebaki na kichanga,
alisimama gizani na konzi ya nyasi kavu.
"Moto umefika?"
"Umefika."
Nyasi zikashika, kuni zikashika,
maji ya baraka yakanyunyizwa kila chumba,
hadi kwa kuku, ambao hawakufurahi.
Na mayai! Mwaka mzima yai moja ni la watu watatu;
asubuhi hiyo kila mtu na lake, zima, la kuchemsha,
jina limeandikwa kwa mkaa.
Hata Deusdedit, aliyekuwa vibaruani kwenye tumbaku ya Urambo,
yai lake liliwekwa dirishani
likitazama njia.

Baba alipozikwa, miaka mingi baadaye, nikamwambia mama.
Nilidhani namtua mzigo wa siri.
Akacheka hadi kitenge kikalegea.
"Na wewe ulidhani nani
alikuwa anakifunga kile kiberiti kwa nailoni,
kisilowe mfukoni mwake?
Upepo wa mbuga ile naujua tangu ninaolewa."

Mwaka huu kopo nimelibeba mimi.
Penye kichuguu, giza likatufumba ghafla.
Nikatia mkono mfukoni mwa koti la marehemu,
nikagusa kitu kikavu, kimeviringishwa nailoni.
"Tangulieni," nikawaambia wanangu. "Nafunga kamba ya kiatu."
Mkubwa akainamisha tochi ya simu hadi miguuni pangu:
ndala, mpira mtupu, tope hadi kisiginoni.
Akaizima.
Akamshika mdogo wake mkono,
wakatangulia.